Uchambuzi wa kisa: mpango wa familia za vijana wenye VVU uliokwama kikao cha nne

Mazingira

Kliniki moja ya tiba na matunzo ilikuwa na vijana 58 wa miaka 10 hadi 14 wanaoishi na VVU, karibu wote wakiwa wamezaliwa navyo. Kumi na tisa kati yao walikuwa wamepata kipimo cha wingi wa virusi kilichozidi nakala 1,000 za virusi kwa mililita ya damu angalau mara moja ndani ya mwaka. Kwa kipimo kama hicho Shirika la Afya Duniani (WHO) huelekeza mgonjwa apewe ushauri wa ziada wa ufuasi wa dawa, yaani kuzinywa kila siku bila kuruka, na kipimo kirudiwe baada ya miezi 3. Ushauri ulikuwa unatolewa. Nesi alihesabu vidonge, mlezi aliangalia sakafu, mtoto alijibu "ndiyo" kwa kila swali, na dakika kumi zikaisha.

Timu ikaamua kuleta mpango wa familia. Mipango ya namna hii si migeni. Huko KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, mpango uitwao VUKA ulitumia hadithi ya katuni kuzungumza na vijana wa umri huu pamoja na walezi wao, nao ulitokana na mpango wa Marekani ulioanzia Chicago, kisha New York. Uliochukuliwa hapa si VUKA, ila ni wa ukoo huohuo: vikao 10 vya kila wiki, dakika 90 kila kimoja, kijitabu chenye picha, familia sita hadi nane kwa kundi. Kila kikao kilikuwa na sehemu tatu. Wote walikaa pamoja dakika 15, walezi na vijana wakatengana dakika 40, kisha wakarudi pamoja dakika 35 kuelezana walichozungumza.

Taarifa zinazoweza kumtambulisha mtu zimeondolewa, na mambo machache yasiyogusa kiini cha kisa yamebadilishwa.

Marekebisho ya mwanzo

Kijitabu kilitafsiriwa kwa uangalifu. Majina ya wahusika yalibadilishwa, picha zikachorwa upya, na watu wawili wasiojuana wakaisoma tafsiri na kuirudisha katika lugha ya awali ili kuona kama maana imehama. Kazi hiyo ilichukua wiki saba na ilifanywa vizuri. Shida ni kwamba timu iliamini imemaliza kurekebisha mpango, kumbe ilikuwa imerekebisha kijitabu.

Familia 20 zilialikwa. Kumi na mbili zilikuwa na kijana mwenye virusi vingi, na nane zilikuwa na kijana ambaye virusi vyake vilikuwa vimefubaa, yaani vimepungua sana kwa nguvu ya dawa. Kuchanganya hivi kulikuwa kwa makusudi, ili mwaliko usisomeke kama orodha ya watoro wa dawa. Uamuzi huu ulikuwa sahihi na haukuguswa hata baadaye.

Uamuzi wa siku haukuwa sahihi. Vikao viliwekwa Jumamosi kwa sababu shule hazikuwepo, katika jengo la kliniki ya VVU, ambalo Jumamosi hufungwa kwa wengine. Aliyeonekana akipita getini siku hiyo alijulikana kilichomleta. Mlezi mmoja alikuwa akimshusha mtoto barabarani na kuondoka. Wawezeshaji wakamwandika kwenye daftari kuwa "hashirikiani".

Mzunguko wa kwanza

Kikao cha kwanza walikuja 16, cha pili 14, cha tatu 13. Kushuka huko kulionekana kuwa jambo la kawaida, na mazungumzo yalikuwa yanakwenda.

Kikao cha nne kilihusu asili ya maambukizi. Picha kijitabuni ilionyesha mama na binti wamekaa kitandani, na chini yake maneno ya mama akimweleza binti jinsi alivyopata virusi akiwa tumboni. Zoezi lilimtaka kila mlezi amgeukie mtoto wake, pale pale ukumbini, amsimulie kisa chake.

Bibi mmoja alikifunga kijitabu, akakiweka juu ya kiti cha jirani, akasimama. "Hayo ya marehemu mwanangu siyasemi mbele za watu," alisema, akamshika mjukuu wake mkono wakatoka. Mwezeshaji alimfuata mlangoni, naye mwenzake aliyebaki akaendelea kusoma maelekezo kwa sauti ili kuziba ukimya. Katika maelekezo hayo yalikuwamo maneno "virusi vya UKIMWI". Kijana wa miaka 11 aliyekuwa amekaa na shangazi yake akauliza, kwa sauti ya kawaida kabisa: "Na mimi?"

Katika vikao vitatu vya mwanzo kijitabu kilikuwa kikisema "dawa zetu" na "afya yetu", na kijana huyo alikuwa ameshiriki vizuri. Alijua anakunywa dawa za damu. Faili lake lilisema ameambiwa hali yake.

Kikao kilivunjika dakika chache baadaye. Mshauri nasaha alikaa na kijana na shangazi chumba cha pembeni, akasema mambo matatu tu: kwamba ni kweli, kwamba hakuna alilokosea, na kwamba dawa anazokunywa ndizo zilizomfanya akue hadi leo. Hakuingia kwenye kisa cha wazazi. Alipiga simu baada ya siku mbili, akawatembelea baada ya wiki. Kijana alikataa dawa kwa siku tisa. Aliporudi kuzinywa, sababu aliyotoa ni kwamba shangazi alilia, naye hakutaka alie tena.

Kikao cha tano walikuja wanane. Timu ikasimamisha mpango.

Uchunguzi

Jambo la kwanza lilikuwa kupekua mafaili ya vijana wote 20. Walezi walikuwa hivi: mama mzazi sita, baba mmoja, bibi saba, shangazi au mama mdogo wanne, kaka mkubwa mmoja, mama wa kambo mmoja. Yaani watoto 13 kati ya 20 hawakuwa wakilelewa na mzazi, lakini kijitabu kizima, kuanzia picha ya jalada, kilimzungumzisha mama. Hakuna mtafsiri ambaye angeliona hilo, maana neno "mama" lilikuwa limetafsiriwa sawasawa.

Jambo la pili lilikuwa lile kisanduku cha "ameambiwa: ndiyo / hapana". Kilikuwa na alama ya ndiyo kwa watoto 18. Mshauri alizungumza faraghani na kila mtoto, kijana aliyejulia ukumbini akahesabiwa kama alivyokuwa kabla ya siku ile. Kumi na mmoja tu ndio walioweza kutaja wanachougua. Watano walijua wana dawa za damu, za kifua au za kuongeza nguvu. Wawili walikuwa wamekisia wenyewe, mmoja kwa kusoma lebo ya kopo, na hawakumwambia mtu yeyote kuwa wanajua. Wawili waliobaki walikuwa wameandikwa "hapana", na kweli walikuwa hawajui.

Kisanduku hicho kilidanganya bila mtu kusema uongo. Katika baadhi ya mafaili alama iliwekwa mtoto akiwa na miaka sita, siku aliyoandikishwa, baada ya mlezi kuulizwa "mtoto anajua?" naye akajibu "anajua anakunywa dawa". Waliofuata waliinakili tu alama hiyo.

Maamuzi na sababu zake

*Kuweka hatua kabla ya kundi.* Huu ndio uamuzi uliobeba mengine yote. Kila familia sasa hupitia ziara mbili au tatu za faragha kabla ya kuingia ukumbini. Ya kwanza ni ya mlezi peke yake, dakika 45: nani nyumbani anajua, nani hajui, nani hatakiwi kujua, na unaogopa nini mtoto akijua. Ya pili ni ya kijana peke yake, dakika 30, kwa maswali yasiyo na jibu ndani yake: unakuja hapa kwa ajili ya nini, dawa hizi zinafanya kazi gani mwilini, ungetaka kumuuliza nani nini. Mshauri hatamki VVU wala virusi mpaka kijana ayatamke mwenyewe. Asipoyatamka, haingii kundini, hata faili liseme nini. Ya tatu ni ya wote wawili.

Kwa walio nusu njia kulikuwa na hatua nne za kuambiwa, ambazo mlezi ndiye msemaji na mshauri msaidizi. Kwanza, mwili una askari na dawa huwalinda. Pili, kuna kirusi kinachowashambulia askari hao. Dawa hukilaza lakini hazikiui, ndiyo maana hazikatishwi. Tatu, jina la kirusi. Nne, kilimpataje na nani wa kuambiwa. Wengi hukwama kati ya pili na tatu, kwa sababu hadithi ya askari inapendeza na haimuumizi mtu. Ila mtoto aliyekaa nayo miaka mitano, siku akilijua jina, huuliza kwa nini alikuwa anachezewa. Timu ikaweka kikomo: kati ya hatua ya pili na ya tatu isizidi miezi mitatu, isipokuwa kwa sababu iliyoandikwa.

*Kuligawa zoezi la asili ya maambukizi.* Lilitolewa ukumbini, likapelekwa kwenye ziara za faragha. Mahali pake pakawekwa kikao cha walezi peke yao. Mzazi na bibi hawabebi mzigo mmoja: mama mzazi hujiona ana hatia, bibi huwa na msiba. Mama huhitaji kusikia kwamba hakumdhuru mtoto kwa kukusudia, na kwamba mtoto anaweza kuuliza kwa hasira bila kuacha kumpenda. Bibi huhitaji kuruhusiwa kumtaja marehemu. Mabibi walipokaa peke yao, dakika 40 hazikutosha.

*Kupunguza vikao kutoka 10 hadi sita, kila baada ya wiki mbili.* Kilichokatwa ni vikao viwili vilivyohusu usalama wa mtaa wa kule mpango ulikotoka, na marudio. Kilichokatazwa kuguswa ni mambo mawili: ule mpangilio wa kutengana na kurudiana, na kazi ya nyumbani. Kulikuwa na hoja ya kuwaweka wote pamoja dakika zote 90 kwa kuwa wawezeshaji walikuwa wachache. Ilikataliwa, kwa sababu kijana husema mbele ya wenzake asiyoyasema mbele ya shangazi, kisha hupata wenzake wa kumsaidia kuyasema shangazi akirudi. Hiyo ndiyo injini ya mpango wenyewe. Ukiitoa unabaki na semina.

*Kubakiza kikao cha mapenzi na mwili.* Wahudumu wawili walitaka kiondolewe. Kilibaki, kwa masharti: vijana wa miaka 10 na 11 watenganishwe na wa 12 hadi 14, na walezi waonyeshwe vifaa vyote kikao kimoja kabla. Wakubwa walielezwa wazi msimamo wa WHO wa 2023: anayekunywa dawa na virusi vyake havionekani kwenye kipimo hamwambukizi mwenzi wake kwa ngono. Hofu ilikuwa kwamba watalisikia kama ruhusa. Walichouliza zaidi ni kama wataweza kuzaa.

*Mlezi wa pili.* Watoto hawa huhama nyumba: likizo kwa baba mdogo, muhula mpya kwa bibi. Kila familia ilitaja mtu wa pili anayejua hali, anayejua saa ya dawa, na ambaye kijana mwenyewe amemkubali. Familia nne zilishindwa kumpata. Kushindwa huko kwenyewe kuliandikwa kama hatari, sawa na kipimo kibaya.

*Jengo na wawezeshaji.* Vikao vilihamia jengo la huduma za watoto wote, bila bango. Nesi wa kuhesabu vidonge aliondolewa upande wa vijana. Si kwamba alikuwa mkali, ila vijana walimsomea usoni idadi ya vidonge vilivyobaki. Nafasi yake alichukua mwelimishaji rika, kijana wa miaka 20 anayeishi na VVU, aliyefundishwa kazi hiyo, kwa mfano wa vijana wanaosaidia wenzao katika mpango wa Zvandiri wa Zimbabwe.

Mzunguko wa pili

Ulianza miezi minne baadaye. Kati ya watoto tisa waliokuwa hawajaambiwa kikamilifu, mmoja ni yule aliyejulia ukumbini, sita walikamilisha hatua zote, na walezi wa wawili walikataa. Kwa hiyo vijana 18 walistahili kuingia. Familia 15 zilikubali.

Kazi ya nyumbani iliyozaa zaidi ilikuwa "ramani ya siku". Kijana na mlezi huchora mstari mmoja wa saa 24, kisha huweka alama: dawa ziko wapi, nani yuko macho, nani yuko chumbani, mtoto amekula au hajala. Hakuna swali kuhusu kusahau dawa. Ramani ya mjukuu mmoja ilionyesha saa ya dawa kuwa saa 3 usiku, kama kliniki ilivyopanga miaka iliyopita, na bibi yake hulala saa 2. Kopo lilikuwa chini ya nguo, kabati likiwa chumbani kwa bibi, na mlango ukifunguka hulia. Mjukuu hakutaka kumwamsha. Dawa yake ilikuwa ya mara moja kwa siku na haikuwa na sababu yoyote ya kunywewa usiku. Ikahamishiwa saa 12 asubuhi, bibi anapoamka. Ushauri wa ufuasi wa miezi kadhaa ulikuwa umempa somo la umuhimu wa dawa, jambo alilolijua fika.

Ramani nyingine ilikuwa ya msichana wa miaka 13 mwenye nakala 2,300. Alama mbili zilikaa saa moja ile ile, kabla ya kula: kidonge chake cha VVU chenye dawa iitwayo dolutegravir, na kidonge cha madini ya chuma alichopewa kwingine baada ya kuanza hedhi na kuonekana ana upungufu wa damu. Chuma, kama kalsiamu, huishika dolutegravir tumboni na kupunguza kiasi kinachoingia kwenye damu. Kwa mtu asiyekula, dolutegravir inywewe saa mbili kabla ya chuma au saa sita baada yake. Vikinywewa pamoja na chakula, tatizo hilo huondoka. Hakuna faili la kliniki lililokuwa limeandika kidonge hicho, kwa sababu hakikutoka kliniki. Huenda hakikuwa sababu pekee, maana alikiri pia kuruka siku kadhaa. Lakini kuhesabu vidonge kusingekigundua kamwe: hesabu yake ilikuwa sahihi.

Matokeo

Familia 12 kati ya 15 zilihudhuria vikao vitano au sita. Moja ilihama, bibi mmoja aliugua, na baba pekee aliyekuwamo aliacha baada ya kikao cha mapenzi na mwili, ingawa vifaa alikuwa ameonyeshwa kabla.

Vijana tisa kati ya 15 walianza wakiwa na nakala zaidi ya 1,000. Miezi sita baadaye sita walikuwa wameshuka chini ya hapo, akiwamo yule msichana, na watatu hawakushuka. Mmoja wa hao watatu alikuwa amepelekwa shule ya bweni katikati ya mzunguko, akawa anazificha dawa kwenye soksi na kuzinywa chooni pale tu foleni inapokuwa fupi.

Uchambuzi

Sita kati ya tisa inapendeza kuitaja, na timu ilitaka kuitangaza. Isingekuwa haki. Wanne kati ya hao sita walibadilishiwa dawa katika miezi hiyo hiyo na kuwekwa kwenye mchanganyiko wenye dolutegravir, ambao una nguvu zaidi na humvumilia zaidi mtu anayeruka siku. Hapakuwa na kundi la kulinganisha. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kwamba familia hazikukimbia, na kwamba watoto sita waliambiwa ukweli na mlezi wao, chumbani, kwa mpangilio.

Kosa la mzunguko wa kwanza halikuwa zoezi baya. Kule lilikotungwa lilikuwa zuri, kwa watoto waliokwisha kuambiwa na mama zao. Mpango wowote wa namna hii umejengwa juu ya dhana fulani kuhusu nani anajua nini kabla ya siku ya kwanza, na dhana hiyo haiandikwi kijitabuni, kwa hiyo haitafsiriwi. Mwenye kuleta mpango angeanza na mafaili na mazungumzo ya faragha, wiki tatu tu, kabla ya zile saba za tafsiri, angeikuta.

Mwelimishaji rika alifanya kazi vizuri kuliko ilivyotarajiwa, na hapo ndipo palipojificha kosa la mzunguko wa pili. Vipimo vyake mwenyewe vilipanda katikati ya mpango, akaficha, kwa sababu amekuwa mfano na mfano haushindwi. Iligundulika kwa bahati, alipokwenda kuchukua dawa. Alikuwa hana mtu wa kuzungumza naye isipokuwa wasimamizi wake wa kazi. Sasa ana mshauri asiye msimamizi wake, mara moja kwa mwezi, na imeandikwa katika makubaliano yake kwamba virusi vikipanda hapotezi kazi.

La baba aliyeondoka halijatatuliwa. Inawezekana alihitaji baba mwingine chumbani. Kumweka mwanaume mmoja kati ya wanawake wazungumzie hedhi ya binti zao ni kumwomba akae kimya au atoke. Orodha ya kusubiri sasa ina baba watatu, na mzunguko ujao watakaa kundi moja.

Kisanduku cha ndiyo na hapana kimefutwa. Mahali pake pana mstari unaojazwa kila baada ya miezi mitatu kwa maneno ya mtoto mwenyewe. Miongozo ya WHO ya 2011 inataka watoto wa umri wa shule, miaka 6 hadi 12, wawe wameambiwa, na wale wawili ambao walezi wao walikataa wanakaribia kuupita umri huo. Faili la mmoja wao, ziara ya mwisho, linasomeka: "Anasema: dawa za kuzuia kifua. Ameuliza kwa nini dada yake hanywi. Mlezi amesema bado. Aulizwe tena tarehe ya dawa."